Harufu ya Ua Tupu

Nyuki alitua ukingoni mwa ua la boga, akalipapasa mara moja kwa miguu ya mbele, akageuka na kuruka bila kunywa chochote.

Nakundwa Mbwambo alichora mstari kwenye daftari. Huyo alikuwa wa ishirini na tatu tangu asubuhi. Alipiga magoti kwenye tuta, akaingiza ndani ya ua mrija wa kioo mwembamba kama uzi wa kushonea, kisha akauinua kwenye mwanga. Mrija ulikuwa umejaa mbochi, ule utamu ambao nyuki husafiri maili nzima kuufuata. Ua halikuwa limeguswa.

"Hawanywi," alisema.

"Labda wameshiba," alijibu Bi. Namcheja, mwenye bustani. Alikuwa amesimama nyuma yake na jembe begani na mabuti ya mpira miguuni. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji cha Kihurwi, na kwa wiki tatu hizo alikuwa amempa Nakundwa chumba, chakula na maneno machache.

"Wameshiba nini, Mwenyekiti? Jana nilifungua kiota cha kwenye ukuta wa ghala lako. Nusu ya watoto wamekauka."

Bi. Namcheja alishusha jembe. "Wale nyuki walikuwepo kabla sijaolewa hapa."

"Najua. Na kabla hamjaletewa lile sanduku walikuwa wazima."

Wote wawili walitazama sanduku jeupe lililowekwa juu ya nguzo katikati ya bustani. Siku kumi zilizopita Kampuni ya Chavua Mpya ilikuwa imelileta kwa majaribio. Kila alfajiri lilifunguka lenyewe, vikatoka vichavushi mia nne, vimashine vya kuruka, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Viliruka safu kwa safu kama askari wa gwaride, vikibeba chavua kutoka ua hadi ua. Katika wilaya kumi na mbili za ukanda ule, kila alizeti, kila tikiti na kila mbaazi iliyoliwa ilikuwa imepita mikononi mwa vidude hivyo, kwa maana miaka kumi na tisa ilikuwa imepita tangu nyuki wa asili waanze kutoweka huko. Watu waliambiwa ni ugonjwa.

Kihurwi palikuwa mahali pa mwisho. Bonde lilikuwa limefichwa na msitu na miamba, na barabara ilikuwa imefika mwaka uliopita tu. Chuo Kikuu cha Milima ya Mashariki kilimtuma Nakundwa, mwanafunzi wa uzamili wa elimu ya wadudu, aje kujaza karatasi moja iliyoitwa Hati ya Bonde Tupu, ya kuthibitisha kwamba bonde halina nyuki tena. Hati hiyo ilihitaji saini ya mtafiti na kura ya kijiji. Ikishapata vyote viwili, masanduku elfu moja yangepanda barabara ile mpya.

Lakini bonde halikuwa tupu. Nakundwa alikuwa amehesabu viota sitini na vinne vya nyuki wadogo wasiouma, wale weusi ambao vitabu vilisema walikwisha. Siku ya tatu ya majaribio viota viwili vilinyamaza. Siku ya saba, vitano. Sasa vilikuwa kumi na kimoja.

Asubuhi ileile alikamata kichavushi kimoja kwa wavu, akakifungua kwa kibanio juu ya meza ya jikoni. Chini ya tumbo lake kulikuwa na kitangi kidogo kuliko kichwa cha sindano, chenye majimaji yasiyo na rangi. Alijua kazi yake, maana ilitajwa kwenye kijitabu cha maelekezo kwa mstari mmoja: kila ua lililohudumiwa huwekewa alama ya harufu ili kichavushi kingine kisirudie.

Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili anajua kwamba nyuki naye huacha harufu ya miguu yake juu ya ua alilolimaliza. Anayefuata huinusa na kupita, asipoteze nguvu kwenye ua tupu. Harufu hiyo hufifia baada ya saa moja hivi, ua likishajaa tena, na nyuki hurudi.

Alichukua unywele wa brashi, akauchovya kwenye kile kitangi, akatoka. Alichagua ua la boga ambalo alikuwa amelifunika kwa kitambaa tangu kabla ya mapambazuko, lisilofikiwa na mashine yoyote, akaligusa kwa ule unywele. Ua la jirani yake aliligusa kwa unywele mkavu. Nyuki walikunywa kwenye ua la pili mpaka likabaki tupu. La kwanza walilipapasa, wakageuka. Kesho yake alirudia kwa maua mia moja na ishirini. Alama ya mashine haikufifia baada ya saa moja, wala baada ya asubuhi nzima. Ilikaa mpaka ua likanyauka na kuanguka.

Hapakuwa na ugonjwa. Nyuki wa wilaya kumi na mbili walikufa njaa wakiwa wamezungukwa na maua yaliyojaa, kila ua likiwaambia kwa lugha yao wenyewe: hapa hakuna kitu.

*

Ofisi ya Profesa Adelhard Haule ilinuka dawa ya kuhifadhia wadudu. Kuta zilikuwa na droo hadi darini, na ndani ya kila droo vipepeo, mende na nyigu walilala kwa mistari, pini kifuani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Nakundwa. Kaa. Umeniletea hati?"

Alimpa ripoti yenye kurasa thelathini. Profesa alivaa miwani, akasoma. Nakundwa aliungoja uso ule ubadilike. Alikuwa amejiandaa kwa maswali: ulitumia maua mangapi, ulidhibitije upepo, nani alithibitisha. Huyu ndiye mtu aliyemfundisha kutoamini hesabu yoyote kabla ya kuirudia mara tatu. Profesa alifika ukurasa wa mwisho, akaikunja ripoti katikati, akaiweka mezani taratibu.

Hakuuliza kitu. Na kwa kutouliza kule, Nakundwa akaelewa.

"Ulikuwa unajua."

"Punguza sauti."

"Tangu lini?"

Profesa alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi. "Miaka kumi na sita. Tulipogundua, wilaya tisa zilikuwa zimeshakabidhiwa kwa mashine, na nyuki huko hawakuwepo tena. Fikiri vizuri kabla hujanihukumu. Ningesimama na kusema, mahakama ingezima vichavushi vyote ndani ya wiki moja. Halafu? Nani angechavusha mbaazi? Nani angechavusha alizeti ya mafuta? Nilipiga hesabu ya watu, Nakundwa, si ya wadudu. Watu milioni tatu, misimu miwili au mitatu bila mavuno ya maana. Nikanyamaza. Na ninalala usingizi."

"Mwaka ule mabonde yenye nyuki yalikuwa mangapi?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka, Profesa. Wewe hukumbuka hadi idadi ya vinyweleo kwenye mguu wa nzi."

Profesa alifuta miwani kwa ncha ya shati. "Arobaini na moja."

"Na leo?"

Nje, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakicheka wakielekea maabara.

"Leo ni moja," alisema Nakundwa. "Mwaka ule mngeweza kuanza na arobaini na moja. Mngewatandaza nyuki polepole, wilaya baada ya wilaya, mkizima mashine kidogo kidogo. Kila mwaka uliokaa kimya ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi, na ugumu huo huo ndio unaoutumia leo kama sababu. Na hiyo harufu haibadilishwi kwa nini? Haiwezekani kuwa na harufu inayofifia?"

"Inawezekana," alisema Profesa, karibu kwa kunong'ona. "Kampuni waliambiwa. Walisema mashine zingefanya kazi mara mbili. Na nyuki wakirudi, nani atahitaji mashine?"

"Na wewe ukawaelewa."

"Mimi niliokoa idara hii! Unadhani hizo maabara, hiyo nafasi yako ya kusoma, vimetoka wapi?" Alishika paji la uso, akajituliza. "Sikiliza. Kuna njia. Weka saini. Mimi nitaomba tuchukue viota ishirini tuvijengee nyumba ya vioo hapa chuoni. Spishi haitapotea. Utaandika tasnifu nzuri sana juu yao."

"Darasa la kwanza ulilotufundisha lilihusu nini, Profesa?"

Profesa aligeuzia macho droo za ukutani.

"Uhifadhi. Ulisema mnyama aliyetolewa mahali pake ni picha ya mnyama. Niliandika kwenye daftari langu, nikapigia mstari." Alichukua ripoti yake mezani, akainyoosha mkunjo kwa kiganja. "Sitaweka saini."

"Basi utawashindisha njaa watu," alisema Profesa. "Nenda nyumbani kwenu ukawaambie hivyo. Anza na mama yako."

*

Ndivyo alivyofanya, kwa sababu lile neno lilikuwa limemchoma mahali penyewe.

Mama yake, Bi. Eliaichi, alilima alizeti na matikiti kwenye tambarare ya Mkomweni, chini ya milima. Nakundwa alimkuta shambani akipalilia, vichavushi vikipita juu ya kichwa chake kwa mlio ule mwembamba ambao watu wa Mkomweni hawakuusikia tena. Walisalimiana, wakakaa kwenye gunia kivulini mwa banda, na Nakundwa akamweleza yote, tangu ua la kwanza hadi maneno ya Profesa.

"Kwa hiyo ukisema, vinazimwa," alisema Mama, Nakundwa alipomaliza.

"Huenda."

"Huenda." Mama alibandua jani la gugu lililonasa kwenye kidole cha mguu. "Ulikuwa na miaka sita nyuki walipokwisha. Unakumbuka mwaka ule?"

"Nakumbuka tulikula uji wa pumba."

"Unakumbuka uji. Mimi nakumbuka kuamka na shangazi zako, kila mmoja na unyoya wa kuku, tukipaka chavua ua moja moja mpaka mgongo unakataa kunyooka. Ekari nne. Tulivuna magunia mawili. Bibi yako alikuwa anasema ameshiba, halafu anakwenda kulala mchana ili njaa isimkute macho. Hakufika masika." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Ukinizimia hivi vidude kesho, Nakundwa, sitakusamehe. Nakwambia mapema ili usije ukashangaa."

"Ndiyo, Mama."

"Wakati ule alikuja bwana mmoja na kipaza sauti. Akasema nyuki wamekufa kwa ugonjwa, na kampuni imetuonea huruma. Tulimpigia vigelegele. Nilimpa jogoo." Alifuata kichavushi kimoja kwa macho. "Sanduku la kwanza liliwekwa shamba la chama cha ushirika mwaka mmoja kabla nyuki hawajaisha. Mimi mwenyewe nilikwenda kulishangaa. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Kwa hiyo mama yangu alikufa kwa nini?"

Nakundwa alimshika mkono.

"Na huyo profesa wako amelijua hilo miaka kumi na sita, na mimi sikulijua hata siku moja." Bi. Eliaichi alisimama, akajikung'uta kanga. "Amepiga hesabu ya watu. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watu. Alikuja lini kuniuliza?"

"Kwa hiyo niseme?"

"Sijui! Usinitwishe mimi!" Alikuwa amefoka, na machozi yamemjaa machoni. "Mimi nataka kula, na nataka kuambiwa ukweli. Vyote viwili. Kwa nini lazima nichague?"

Usiku mzima maneno hayo hayakumwacha Nakundwa. Akinyamaza, atakuwa Haule mwingine, kijana na mwenye nywele. Akikimbilia mahakamani, mashine zitazimwa kwa amri moja na watu walewale watashinda njaa kwa uamuzi wa mtu mwingine tena, safari hii yeye. Alichukia njia zote mbili kwa sababu ileile: katika zote, mtu wa Mkomweni alikuwa anaamuliwa na wengine. Asubuhi hakuwa amepata jibu la nini kifanyike. Alikuwa amepata la nani aamue.

*

Mkutano wa kijiji cha Kihurwi ulifanyika kwenye bustani ya Bi. Namcheja, saa mbili asubuhi, maana Nakundwa aliomba hivyo. Ua la boga hujifunga kabla ya adhuhuri. Watu wapatao mia mbili walisimama kwenye vijia kati ya matuta. Mbele walikaa Bwana Sembuli, meneja wa kampuni aliyevaa fulana yenye nembo, na Profesa Haule, aliyekuja kushuhudia hati ikipigiwa kura.

Sembuli alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alitaja mavuno ya wilaya za jirani. Alitaja barabara. Watu wengi waliitikia kwa vichwa, na Bi. Namcheja alikuwa mmoja wao. Alikuwa amezitamani mashine hizo tangu dada yake wa kule tambarare alipovuna mara tatu ya alichovuna yeye.

Kisha Nakundwa akasimama. Hakutoa hotuba. Alifunua maua mawili aliyoyafunika tangu alfajiri, akafungua kichavushi mbele yao, akawaonyesha tone lile kwenye ncha ya unywele. Akaligusa ua moja.

"Tazameni tu," alisema.

Nyuki mdogo mweusi alikuja, akaingia kwenye ua safi, akazama hadi mgongoni. Mwingine akatua kwenye ua lililoguswa, akapapasa, akaondoka. Wa tatu vilevile. Wa nne. Watu walianza kusogea, waliokuwa nyuma wakiwauliza waliokuwa mbele. Nakundwa aliingiza mrija kwenye ua lililokataliwa, akauinua umejaa, akaupitisha mkono kwa mkono. Kisha akawaeleza yote aliyoyajua, pamoja na yaliyomwia vigumu: kwamba nyuki wa bonde lile ndio mbegu pekee iliyobaki, kwamba wakikataa mashine hawatavuna kama wenzao wa tambarare, na kwamba huko chini hakuna awezaye kuzima masanduku kwa mkupuo bila kulala njaa.

"Huu ni upotoshaji," alisema Sembuli akisimama. "Huyu ni mwanafunzi. Kampuni ina wataalamu."

Bi. Namcheja alimgeukia Profesa. "Mtaalamu si huyu hapa? Profesa, binti anasema kweli?"

"Suala lenyewe, Mwenyekiti, ni tata. Kuna vigezo vingi vya—"

"Sikukuuliza kama ni tata. Nimeuliza kama ni kweli."

Profesa alimtazama Nakundwa, kisha akatazama chini kwenye majani ya maboga, ambako nyuki bado walikuwa wakitua na kugeuka. "Ni kweli," alisema.

"Na nyie mlijua?" Bi. Namcheja alimuuliza Sembuli. "Na hiyo harufu hamwezi kuibadilisha?"

"Hilo linahitaji idhini ya makao makuu."

Kuna mtu alicheka nyuma, kicheko kibaya. Bi. Namcheja hakucheka. Alikwenda hadi kwenye nguzo, akalikumbatia lile sanduku jeupe, akaling'oa pamoja na skrubu zake, akaliweka miguuni pa meneja. "Miaka miwili nimeliomba hili sanduku," alisema, akihema. "Nimeandika barua kwa mkono wangu. Mngeniacha niwaue nyuki mimi mwenyewe, halafu mniambie ni ugonjwa. Ondoka nalo."

Walipopiga kura, mikono ya kukubali hati ilikuwa tisa.

Nakundwa alikuwa amefikiri angefurahi. Aliona tu mgongo wa Profesa ukishuka kuelekea gari, na hasira yake haikupungua hata kidogo. Maneno yenyewe yalikuwa mawili, na yalikuwa yamemchukua pumzi moja kuyasema. Miaka kumi na sita.

*

Chuo kilimfukuza kwa kutoa matokeo ya utafiti bila idhini. Barua ilisainiwa na kamati ya watu watano, na jina la Haule lilikuwa la tatu.

Habari iliteremka mlimani bila msaada wake. Vijiji viliitisha mikutano yao. Mkomweni walipiga kura kubaki na mashine hadi wenzao wa juu wajaribu kwanza, na mama yake alinyoosha mkono upande huo, akamwambia hivyo bila kuinamisha macho. Vijiji vinne vilivyopakana na Kihurwi vilizima masanduku ya mashamba ya ukingoni, mita mia tatu kila msimu, ili nyuki wapate pa kutandaa. Nakundwa alihamia kwenye chumba kilekile cha Bi. Namcheja, na kazi yake ikawa kutembea mpakani kila siku akihesabu.

Msimu wa kwanza ulikuwa mbaya. Kwenye mashamba yaliyozimwa, maboga yalitoa maua na kuoza machanga. Mzee mmoja wa kijiji cha Chanjale, Mzee Kalaghe, alipoteza ekari nzima ya matikiti. Siku Nakundwa alipopita kuhesabu, alimfukuza kwa fimbo hadi barabarani, mbele ya wake za wanawe, akimwita mchawi wa chuo.

Msimu wa pili ulikuwa umefika katikati alipoletewa ujumbe kwamba Mzee Kalaghe anamtaka. Alikwenda akiwa na hofu. Alimkuta ameinama kwenye tuta, mikono magotini, akitazama ua la tikiti.

"Ni huyu?" aliuliza bila salamu.

Ndani ya ua, nyuki mweusi alikuwa amejipaka chavua mpaka miguu imekuwa ya njano.

"Ni huyu, Mzee."

"Anauma?"

"Hawaumi hawa."

Mzee Kalaghe alitazama mpaka nyuki akaondoka, akahamia ua la pili, la tatu. Chini ya majani, matikiti matano yenye ukubwa wa ngumi yalikuwa yameshika. Alinyooka polepole. Nakundwa alidhani angemwomba radhi, akaona haya mapema kwa niaba yake.

"Sijakusamehe ule msimu," alisema mzee. "Wajukuu wangu wawili waliacha shule wakaenda kuvunja kokoto. Huo huwezi kunirudishia."

"Siwezi, Mzee."

"Lakini si wewe uliyeanza." Alitema mate pembeni, akajifuta mdomo. "Nimesikia mnaandika watu. Mnaipeleka kampuni mahakamani, pamoja na hao wasomi walionyamaza."

"Ndiyo. Hatuombi mashine zizimwe. Tunadai wabadilishe harufu, na waje hapa waseme mbele ya watu kwamba walijua. Mama yangu ameandika jina lake jana."

"Na mashine bado anazo?"

"Bado anazo."

Mzee Kalaghe aliguna, kama mtu aliyeona jambo hilo ni sawa kabisa. Alichukua kalamu kutoka mfuko wa koti lake, akaijaribu kwenye kiganja, akanyoosha mkono apewe daftari la majina atie saini.

"Andika na ile ekari," alisema. "Wasije wakasema ilikuwa bustani."